Kabla hujamwita "dokta": ninavyochagua wa kumtibu mbwa na paka hapa Mbeya

Mimi nauza mchele Mwanjelwa. Muuza mchele asiyefuga paka anafuga panya, hakuna njia ya tatu. Stoo ina paka wawili, na nyumbani Uyole nina mbwa wa kulinda. Ukijumlisha na waliokwisha kutangulia, ni miaka kumi na minne ya kuita watu wa kutibu wanyama, kuwalipa, kugombana nao, na mara moja kuzika paka ambaye hakupaswa kufa.

Siku hizi wenzangu wa sokoni wananifuata. "Mama Neema, mbwa wangu hali tangu jana, nimwite dokta gani?" Nami nauliza kwanza: hali na anatapika, au hali tu? Ana kadi ya chanjo? Ana miezi mingapi? Maana hapa kwetu neno "dokta" limebeba watu wanne, na ukimwita asiyehusika na shida yako utalipa mara mbili. Hapo una bahati.

Dokta yupi?

Wa kwanza ni muuzaji wa duka la pembejeo. Yuko kila kona, anafungua mapema, anajua majina ya dawa zote na hana foleni. Wengine wamesomea mifugo kweli. Wengine ni shemeji wa mwenye duka, amewekwa ashike kaunta. Wote wanavaa koti jeupe, kwa hiyo koti halikusaidii kitu.

Wa pili ni afisa mifugo wa kata, yule ambaye wazee bado wanamwita bwana mifugo. Ni mwajiriwa wa halmashauri, ana stashahada au cheti, na siku yake imejaa ng'ombe wa maziwa, nguruwe na kuku. Wa tatu ana elimu kama hiyo ila amejiajiri. Huyu utamwona na pikipiki na kiboksi cha barafu kimefungwa nyuma kwa mpira. Wa nne ndiye daktari wa mifugo mwenyewe. Amekaa chuo kikuu miaka mitano, wengi wao pale Sokoine, Morogoro, na amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Wenye stashahada na cheti nao wanatambuliwa na Baraza chini ya Sheria ya Veterinari ya 2003, lakini wanatakiwa wafanye kazi wakisimamiwa na daktari. Kupasua ni kazi ya daktari.

Simdharau hata mmoja. Anayewachanja mbwa wangu miaka yote hii ni bwana mifugo wa kata, na ana mkono mwepesi kuliko madaktari wawili ninaowajua. Ugomvi wangu ni na yule anayevuka mpaka wake halafu hasemi.

Chausiku

Paka wangu wa kwanza wa stoo aliitwa Chausiku, mweusi tii. Kiangazi kimoja akajaa viroboto. Nikaenda duka moja la pembejeo, nikasema paka ana viroboto. Kijana akachukua galoni ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, akamimina kidogo kwenye chupa ya soda, akaifunga. "Mama, kifuniko kimoja kwa lita moja ya maji, mwogeshe, watakufa wote." Hakuuliza uzito. Hakuuliza umri. Na mimi sikuuliza dawa inaitwaje. Chupa ilikuwa na picha ya chungwa tu.

Nilimwogesha jioni kwenye beseni. Saa mbili usiku masikio yakaanza kucheza. Halafu ngozi ya mgongo ikawa inarukaruka, kama ng'ombe anapofukuza nzi. Halafu mate. Alikufa kabla ya adhana ya alfajiri. Viroboto nao walikufa wote, kijana hakudanganya.

Nilikuja kuelezwa na daktari kwamba ini la paka linashindwa kuvunja kemikali nyingi ambazo ng'ombe, na hata mbwa, wanazistahimili. Permetrini, iliyomo kwenye dawa nyingi za wadudu, ni sumu kwa paka. Amitrazi ya kuogeshea mifugo, hivyohivyo. Na paracetamol yako ya kichwa usithubutu: kidonge kimoja kinaweza kumuua. Kama ningejua, dakika ile ya masikio ningemwosha tena kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, nimfute, nimfunike asipate baridi, na kupiga simu hapohapo.

Tangu siku hiyo dukani nanunua dawa ya minyoo iliyo ndani ya pakiti yake, yenye jina la mnyama na tarehe ya mwisho wa matumizi. Nanunua glovu na pamba. Sindano sinunui. Kuna ile wanayoiita OTC, oksitetrasaiklini, antibiotiki ambayo kwa wauza kaunta imekuwa dawa ya kila kitu: mbwa kaharisha, OTC, kachechemea, OTC, kalala mno, OTC. Ni dawa nzuri mahali pake. Lakini mtu anayekupa jibu kabla hujamaliza kueleza shida, huyo hajaangalia mnyama, ameangalia rafu.

Shida hii ni ya nani

Chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa ya minyoo, kupe wachache, kidonda cha kukwaruzwa: mwite bwana mifugo wa kata, au yule wa pikipiki anayejulikana mtaani. Mtoto wa mbwa huchanjwa kichaa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Paka pia, wengi wanamsahau. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na karibu na siku hiyo mara nyingi kunakuwa na kampeni za kuchanja; wiki kadhaa kabla, pita ofisi ya kata uulize.

Daktari mwenyewe namwita bila kuzungukazunguka kwa mambo haya. Mtoto wa mbwa anayetapika na kuharisha damu. Dume la paka anayechuchumaa kama anakojoa na hakuna kinachotoka. Huyo mkojo umeziba, usingoje kesho. Mbwa jike ambaye wiki chache zilizopita alikuwa kwenye joto la kutaka dume, sasa anakunywa maji ndoo nzima na nyuma anatoa usaha. Jike anayesukuma kwa nguvu nusu saa nzima na mtoto haonekani. Mbwa mkubwa aliyevimba tumbo kama ngoma ghafla, anataka kutapika na hatapiki. Fizi nyeupe kama karatasi. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Hiyo mara nyingi ni homa ya kupe, na dawa yake ina kipimo chembamba mno: ikizidi inamharibu mbwa ubongo. Usikubali apigwe kwa kukadiria.

Kuna jambo moja watu wanaona aibu kulitaja. Mbwa anayezurura anaweza kuota uvimbe sehemu za siri, mwekundu kama koliflawa, unaodondosha damu. Unaambukizwa kwa kupandana. Nimeona kijana akiukata kwa wembe na kupaka majivu. Daktari anautibu kwa sindano za kila wiki, wiki chache, na wengi wanapona kabisa. Sindano hizo ni dawa za saratani, si za kuchezea, kwa hiyo hapo hakuna mbadala wa daktari.

Nilijua tofauti ya mikono hii mwaka mbwa wangu Tomi alipopata parvo, ugonjwa wa kirusi unaowatapisha na kuwaharisha watoto wa mbwa. Alikuwa na miezi minne. Mtu wa kwanza niliyemwita alimchoma sindano moja, akachukua hela, akasema "kesho atakula." Kesho yake Tomi alikuwa hawezi kusimama na harufu ya kile kinyesi ilifika barabarani, ukishainusa mara moja hutaisahau. Ndipo nikampigia daktari. Alimbana ngozi ya shingo kwa vidole viwili akaiachia, ikabaki imesimama kama hema. "Unaona? Amekauka." Akatundika dripu kwenye tawi la mparachichi uani, mimi nimekaa kwenye kigoda nimeshika mguu wa Tomi usikunjike, shuka juu yetu wote wawili maana ilikuwa Juni na baridi ya Uyole mnaijua. Siku nne. Aliniambia wazi kwamba hakuna dawa inayoua kirusi cha parvo. Unamshikilia mbwa kwa maji, unazuia kutapika na maambukizi mengine, mwili wake upigane. Tomi alipona. Kirusi hukaa kwenye udongo miezi mingi, hivyo nilimwagia jiki sakafu ya banda na sikuleta mtoto mwingine wa mbwa mpaka mwaka ulipopinduka. Chanjo ya parvo huanza mtoto wa mbwa akiwa na wiki sita hadi nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya kumi na sita. Tomi nilikuwa nimempa moja tu, nikadhani yatosha.

Jiandae kabla ya kupiga simu

Mpime uzito. Mimi natumia mizani ya mchele: napanda mwenyewe, nashuka, napanda nimembeba, natoa. Simba, Mungu amrehemu kama mbwa hurehemiwa, alikuwa kilo 31, na kila fundi wa sindano alikuwa akimkadiria "arobaini hivi". Kwa dawa nyingine, tofauti hiyo ndiyo uhai. Nunua kipimajoto, kipake mafuta, kiingie nyuma. Mbwa na paka wazima wako kati ya nyuzi 38 na 39 na pointi kidogo. Usiogope 38.7, kwa mtu ni homa, kwa mbwa ni Jumanne ya kawaida. Fungua mdomo uangalie rangi ya fizi. Akipata degedege, chukua video kwa simu. Kinyesi cha leo tia kwenye kopo safi lenye mfuniko.

Mbwa mkali mfunge mdomo kwa ukanda wa kanga, kitanzi juu ya pua, kivuke chini ya taya, kifungwe nyuma ya masikio. Lakini anayetapika au anayehema usimfunge. Paka mweke kwenye tenga la kuku lililofunikwa kitambaa, usimbebe mikononi ndani ya bajaji. Atatoka pale Kabwe na hutamwona tena.

Mara ya kwanza naenda bila mnyama

Hii watu wananicheka. Nikisikia daktari mpya amefungua, napita tu, kama mtu anayeuliza bei. Naomba anionyeshe friji. Chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, na umeme wetu mnaujua, hivyo nauliza: ukikatika siku nzima unafanyaje? Mwenye kazi yake ana jibu, barafu, jenereta, au "nazitupa". Nikikuta chanjo zimelala jirani na maziwa ya mtindi na nusu ya nyanya, nashukuru, naaga.

Nauliza kama ana hadubini. Tone la damu kutoka ncha ya sikio, kioo, dakika chache, homa ya kupe inaweza kuonekana. Asiye nayo naye si mbaya, mradi aniambie anapeleka wapi. Nauliza jina lake limesajiliwa kwa ngazi gani. Wapo wanaokasirika. Aliye daktari kweli huwa hakasiriki, hukuonyesha cheti ukutani na kuanza kukusimulia mateso ya mwaka wa tatu Sokoine.

Na naangalia kadi. Akichanja lazima abandike ile stika ndogo ya kichupa au aandike namba ya kichupa hicho, tarehe, na saini. Kadi iliyoandikwa "rabies OK" peke yake ni karatasi ya kufungia maandazi.

Bei naulizia mapema, tena kwa vipande: kumwona ni kiasi gani, dawa, nauli ya kuja Uyole, na akirudi kesho nalipa tena? Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja.

Kisu

Kuhasi dume ni jambo la muda mfupi. Kumfunga kizazi jike ni kufungua tumbo, na nimeona likifanyika juu ya meza ya kulia chakula, watoto wanachungulia dirishani. Kwa upasuaji sikubali daktari aje nyumbani, namfuata yeye. Nataka nione meza inayooshwa, vifaa vilivyochemshwa au kupikwa kwenye mashine yake, na mtu wa pili wa kumwangalia mnyama akiwa kwenye nusukaputi. Nauliza: atakaa hapa mpaka aamke? Kuna mahali walinipa mbwa analegea kama kitambaa, wakasema "ataamkia nyumbani." Aliamka, ndiyo. Lakini mimi nilizeeka usiku ule.

Mbwa aliyekwisha kukua asile tangu usiku wa kuamkia upasuaji. Mwambie na mlinzi, na bibi, na kila anayerusha ugali dirishani.

Mbwa akimuuma mtu

Hapa daktari wa mifugo anakuwa wa pili. Wa kwanza ni bomba: osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, kisha hospitali ya watu siku hiyohiyo kwa chanjo. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala udongo. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Baba mmoja jirani yetu aliona mbwa wake anadondosha mate, hawezi kumeza, akadhani amenasa mfupa. Akaingiza mkono mdomoni kuutafuta. Hakukuwa na mfupa. Mbwa wa hivyo usimguse, hasa kama amebadilika tabia au miguu ya nyuma inalegea. Mfungie kwa mbali na mwite bwana mifugo. Jirani alipata sindano zake zote, yupo, juzi kaninunulia kilo kumi. Mbwa naye vijana walimponda kichwa kwa mawe, bwana mifugo akafika akashika kiuno: ubongo ndio unaopimwa maabara. Kama mbwa aliyeuma ni mzima na ana mwenyewe, hufungwa na kuangaliwa siku kumi, lakini aliyeumwa hana sababu ya kungoja siku hizo ndipo aende hospitali.

Yakizidi Mbeya

Nyanda za Juu tunayo maabara ya kanda ya Wakala wa Maabara ya Veterinari pale Iringa. Sampuli ndiyo husafiri, mnyama hubaki. Mwachie daktari aipange. Mfupa uliovunjika vibaya au ugonjwa ambao watu watatu wameshindwa kuutaja, hapo utasikia "mpeleke Sokoine". Kutoka huku hadi Morogoro ni siku nzima barabarani, unashuka Makambako, unapita Iringa, Ruaha Mbuyuni, Mikumi, na basi la kumpakia mbwa sijaliona, kwa hiyo ni gari la kukodi. Nimewahi kupiga hesabu hiyo usiku na kalamu mkononi. Kabla ya kukodi, mwambie daktari wako ampigie simu mwenzake wa kule, amtumie picha na majibu. Mara nyingine wanakubaliana tiba ikafanyika hapahapa.

Na mara nyingine wanakubaliana kwamba haifai tena. Simba figo zilikuwa zimechoka, ana miaka kumi na mitatu, hasimami. Mtaani walinishauri nyama yenye sumu ya panya, "haraka tu, mama." Sumu ya panya si haraka, na kumtesa mnyama ni kosa kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Nikamuuliza daktari anatumia nini. Akasema kwanza dawa ya usingizi mpaka asihisi, halafu nusukaputi nyingi kuliko kipimo, mshipani, kisha anasikiliza moyo hadi unyamaze. Nikamwambia njoo.

Alikuja saa kumi jioni. Simba alilaza kichwa kwenye kiatu changu, chini ya mparachichi uleule. Daktari alisikiliza moyo muda mrefu, akatoa vifaa masikioni, akaviviringisha. Nikampa malipo na mfuko wa kilo tano za mchele. Malipo alichukua nusu, mchele alichukua wote.